Nguo ya usaili inapokataa mwili mkubwa: dalili, chanzo na marekebisho

Nguo nyingi za dukani hukatwa kwanza kwa mwili wa saizi ya kati, kisha kiwanda kikazipanua kila upande kupata saizi kubwa. Watu hatunenepi hivyo. Mmoja huongezeka tumbo, mabega yakabaki ya ujanani. Mwingine kiuno kimekaa palepale, nyonga na mapaja ndiyo yanayotangulia mlangoni. Wa tatu ni kifua na mikono. Ndiyo maana mtu anaingia kujaribu nguo yenye namba yake, anatoka amenuna akiamini tatizo ni mwili. Tatizo ni mkato, na mkato unarekebishika ukijua dalili unayoiona imetokana na nini.

Mambo mawili yatakuokoa na mengi ya hapa chini. Kwanza, nunua nguo inayoenea sehemu yako pana kuliko zote, penginepo fundi apunguze. Kupunguza ni kazi ya mchana mmoja. Kuongeza pasipo na kitambaa hakuna fundi anayeweza, hata akikuapia. Pili, usaili mnafanya mmekaa. Nguo ijaribu ukiwa kitini, si umesimama mbele ya kioo umevuta tumbo ndani.

Mifano yangu ni ya Dar es Salaam na joto lake. Aliyeko Njombe au Nairobi aruke habari za jasho.

Namba ni yako, nguo haipandi

Chanzo mara nyingi ni lebo. Nguo za kike za Marekani na Uingereza zinapishana kwa nne: 18 ya Marekani ni 22 ya Uingereza. Kwa hiyo ukizoea kununua 22 ya Uingereza, ukiona 22 ya Marekani itakumwagika, na kinyume chake utakwama kwenye nyonga. XXL iliyoshonwa kwa ajili ya soko la China kwa kawaida ni ndogo kuliko XXL ya Ulaya, na maduka ya Kariakoo yanaziuza zote zikiwa zimetundikwa pamoja.

Kwenye mitumba, Ilala au Karume, tafuta herufi. Lebo ya Marekani ikiandika 18W, hiyo W inaonyesha kuwa nguo ilikatwa kwa mwili mnene: kifua na kiuno vimeongezwa, tundu la mkono limeshushwa, mkono wa juu umepanuliwa. 18 tupu na 18W ni nguo mbili tofauti kabisa. Ikifuata P, yaani 18WP, ni ya mtu mnene na mfupi. Mikono imefupishwa na kiuno kimepandishwa. Kwa dada wengi wa kimo cha kawaida hapa kwetu, hiyo P ni bahati, maana inakupunguzia safari ya kwa fundi.

Suti za kiume ni rahisi kidogo. Namba ya Marekani na ya Uingereza ni moja, nayo ni kifua kwa inchi. Ya Ulaya huongezwa kumi: 46 ni sawa na 56.

Tembea na futi ya fundi kwenye pochi. Vipimo vyako viandike kwenye simu: kifua, kiuno, nyonga, mkono wa juu, na nyonga tena ukiwa umekaa. Nyonga pima pale palipo pana kweli, hata kama ni chini kwenye mapaja. Sokoni ambako huwezi kujaribu, laza nguo, pima upana wake, zidisha mara mbili. Muuzaji atakwambia, "Dada, hii ukiivaa inaachia." Kitambaa chenye mpira ndani yake ndicho kinachoachia. Kisicho nao hakiachii, hupasuka.

Blauzi au shati linafunguka kifuani

Unakaa, unaegemea mbele kidogo, na katikati ya kifungo cha pili na cha tatu panajitokeza dirisha. Hii ndiyo dalili ninayoulizwa kuliko zote, na ina vyanzo vitatu ambavyo watu huvichanganya.

Angalia mikunjo kabla ya kulaumu vifungo. Ikiwa kuna mistari inayovutika kutoka kila kifungo kuelekea matitini, nguo ni nyembamba kifuani, basi. Hakuna pini itakayoificha. Itahamishia tu mvutano kwenye kifungo kinachofuata. Chukua saizi inayoenea kifua, mpe fundi abane ubavuni na kiunoni. Mabega yakiwa mapana mno kwa saizi hiyo, acha shati la vifungo, tafuta blauzi ya kuvaa kichwani yenye shingo ya V isiyoshuka sana.

Ikiwa hakuna mistari lakini dirisha lipo, tatizo ni mahali vifungo vilipowekwa. Kiwanda hugawa vifungo kwa umbali sawa toka shingoni, hakijui kifua chako kiko wapi. Mwambie fundi aweke kifungo kidogo cha kubonyeza, cha ndani kisichoonekana, katikati ya matiti hasa. Ni kazi ndogo. Njia nyingine ninayoipenda zaidi ni kushona kabisa ule mpasuo wa mbele kuanzia kifungo cha pili hadi chini, vifungo vikabaki vya pambo, na zipu ikatiwa ubavuni. Utavaa kwa kichwa kama gauni. Ukishavaa, hata upige chafya nguo haitafunguka.

Chanzo cha tatu hakimo kwenye shati: ni sidiria iliyochoka. Kinachobeba titi ni ule mkanda unaozunguka mgongo. Zile kamba za begani ni za kusaidia tu. Mkanda ukilegea, mgongoni unapanda juu, mbele kifua kinashuka na kutanuka, na shati lililokutosha mwaka jana linaanza kugoma. Kabla hujapeleka nguo kwa fundi, vaa sidiria utakayoivaa siku ya usaili na upimwe ukiwa nayo. Rangi iwe inayokaribiana na ngozi yako. Nyeupe chini ya shati jeupe ndiyo inayoonekana.

Koti linabana mikono, au linakaa kama la kuazima

Kwa wanawake wengi wenye mwili, koti halikwami tumboni. Linakwama mkono wa juu. Jaribu hivi: kaa, nyoosha mikono yote miwili mbele kama unayemkabidhi mtu faili, kisha andika jina lako mezani. Ikiwa mgongo unavutika na mkono unapanda hadi katikati ya kigasha, tundu la mkono ni dogo. Fundi akipanua mkono peke yake bila kugusa tundu, umepoteza pesa. Kwa usaili wa serikalini hili lina uzito wake, kwa sababu kabla ya mahojiano kwa kawaida kuna usaili wa mchujo wa kuandika, na kuandika mkono ukiwa umekazwa na koti ni mateso.

Koti kutofunga si kosa. Linaruhusiwa kuachwa wazi. Lakini kingo zake mbili ziweze angalau kugusana bila kulazimisha. Zikiachana sana, mtu anaona koti la mdogo wako. Urefu nao una siri yake: koti linaloishia pale nyonga zilipo pana kuliko kote hupigia mstari palepale. Liishie juu kidogo ya hapo, au lipite chini yake.

Mabega ndiyo usiyopaswa kuyakubali yakiwa na kosa. Mshono wa bega ukianguka chini ya bega lako, rudisha koti. Kuhamisha bega ni kulifumua koti karibu lote, kutoa pamba za ndani na bitana, na mafundi wengi wa mtaani hawana subira hiyo.

Halafu jambo dogo ambalo naliona kila wiki mitaa ya Posta. Koti jipya huja na uzi wenye umbo la X ukiwa umeshika mpasuo wa nyuma, na lebo ya kitambaa imeshonewa mkononi kwa juu. Vyote viwili ni vya dukani. Vifumue. Ule mpasuo upo ili ukikaa koti litanuke. Ukiuacha umeshonwa, mwenye makalio makubwa ndiye anayeumbuka kwanza.

Sketi inapanda, inazunguka, au nyuma imekuwa fupi

Nyonga hutanuka unapokaa. Si wewe tu, ni kila mtu. Ila kwa mwili mkubwa ongezeko hilo linafika inchi mbili na zaidi. Sketi iliyopimwa ukiwa umesimama itatafuta pa kwenda, na njia pekee iliyo wazi ni juu. Ndiyo sababu nimesisitiza kipimo cha kukaa. Mpasuo wa nyuma husaidia mwendo, hauongezi nafasi ya nyonga.

Sketi inayozunguka hadi zipu ikafika mbele imezidi kiuno, au inasuguana na kilichomo chini. Poliesta juu ya skintaiti ni ugomvi usioisha. Vaa gagulo laini au hakikisha sketi ina bitana.

Nyuma kuwa fupi kuliko mbele ni kosa la fundi aliyepima urefu kutoka kiunoni kwa kipimo kimoja pande zote. Makalio yanakula kitambaa njiani. Mwambie apime pindo kutoka sakafuni kwenda juu, akizunguka, ukiwa umevaa viatu vya siku hiyo. Atakuta nyuma inahitaji kitambaa zaidi. Kwa hiyo hili lisemwe kabla ya mkasi kushika kitambaa, maana kwenye sketi iliyokwisha kushonwa dawa iliyobaki ni kufupisha mbele.

Utumishi wa umma una waraka wake wa mavazi, wa mwaka 2007, na nguo za kubana ni miongoni mwa zinazokatazwa. Hapa kuna uonevu kidogo ambao heri niuseme waziwazi: sketi ileile ya kunyooka, kwa mwembamba inaitwa nadhifu, kwa mwenye nyonga inaitwa ya kubana. Usibishane na hilo kwenye chumba cha usaili. Chagua sketi inayoachia kidogo kuanzia mapajani, yenye marinda mawili mapana au iliyokatwa kama herufi A, ipite magoti hata ukiwa umekaa.

Suruali inateremka, shati linachomoka (hasa kwa wanaume wenye tumbo)

Mwanaume mwenye kitambi ana uamuzi mmoja mkubwa: suruali ivaliwe juu ya tumbo au chini yake. Wengi huchagua chini, kwa sababu hapo namba ya kiuno ni ileile ya ujanani na inafurahisha kuitamka. Gharama yake ni kwamba suruali haina pa kushikia, inashuka kila hatua, miguu inajikusanya juu ya viatu, na shati linachomoka kila unaponyanyuka kumpa mtu mkono. Mkanda ukikazwa zaidi unaongeza tu kasi ya kuteleza.

Vaa kwenye kitovu. Utahitaji kiuno kikubwa zaidi, na utahitaji suruali yenye urefu wa kutosha kutoka kiunoni hadi msambani. Nyingi za kisasa zimekatwa fupi hapo. Marinda mawili mbele yanarudisha heshima, waseme wasemavyo vijana. Mikanda ya mabegani chini ya koti ni bora kuliko mkanda wa kiunoni kwa mwili huu, na hakuna atakayeiona.

Suti za kununua zikiwa jozi zina mtego. Kwa kawaida suruali huwa pungufu kwa inchi sita kuliko koti: koti 46 linakuja na suruali ya 40. Mwenye kifua 46 na kiuno 44 hatapata suti hapo, atapata nusu. Kabla hujakata tamaa, geuza suruali ndani nje uangalie mshono wa nyuma. Suruali nzuri huachiwa kitambaa cha akiba pale, na fundi anaweza kuachia inchi moja, pengine moja na nusu. Inchi nne hazitoki popote. Nunua koti peke yake na suruali peke yake, katika rangi zisizojaribu kufanana: koti la bluu iliyoiva, suruali ya kijivu. Bluu mbili zinazokaribiana ndizo zinazoonekana kama ajali. Au shonesha.

Kola isiyofunga ni kosa la kuvumilia kwa miaka na kuliondoa kwa dakika tano: kifungo cha juu kihamishwe sentimita moja, tai itafunika. Kidole kimoja kipite kati ya kola na shingo unapoongea. Tai nayo: ya kawaida ina urefu wa takriban sentimita 147, na kwa mwenye shingo nene na tumbo inaishia juu ya kitovu. Zipo ndefu zaidi. Usipozipata, funga fundo jembamba la kawaida linalozungushwa mara moja, maana yale manene hula urefu. Ncha ifike kwenye mkanda.

Mapaja yanasuguana

Dalili ni sauti ukitembea, ngozi inayochubuka, na suruali inayotoboka ndani ya paja wakati kwingine bado mpya. Kwa sketi na gauni, skintaiti ya pamba inayofika karibu na goti inamaliza shida. Kwa suruali, kataa vitambaa vyepesi vinavyong'aa, na ukiwa mitumbani ishike suruali pale ndani ya mapaja uiangalie dhidi ya mwanga. Ikiwa inapenyeza mwanga, mwenzako aliimaliza. Mshono wa msambani urudiwe mara mbili hata kama suruali ni mpya. Suruali haichagui siku ya kupasuka.

Umeloa kabla hujaitwa

Daladala kutoka Mbagala, jua la Februari, koti lenye bitana ya poliesta: utaingia kwa jopo kama uliyetoka kuogelea. Chanzo cha kwanza ni kitambaa. Shika lebo ya ndani usome. Pamba, viskosi (kwenye lebo huandikwa viscose) na kitani vinapumua, poliesta tupu haipumui. Kitani hukunjamana, ndiyo, na kwa usaili mikunjo ya kitani itakusumbua, kwa hiyo mchanganyiko wa viskosi au pamba nzito kidogo unafaa zaidi. Soma pia lebo ya bitana, maana kitambaa kizuri juu ya bitana mbaya ni kazi bure.

Rangi zinazosaliti jasho ni kijivu cha kati na bluu ya anga. Nyeupe, bluu iliyoiva, nyeusi na vitambaa vyenye mistari midogo havitangazi. Singlendi ya pamba chini ya shati inaongeza joto kidogo lakini jasho linaishia humo. Koti libebe mkononi, livae ukishafika na kupoa.

Unaonekana kama uliyefunikwa

Hili ni kosa la anayekimbia makosa yote yaliyotangulia: ananunua nguo kubwa kila mahali ili isishike popote. Matokeo yake ni mwili kuonekana mkubwa kuliko ulivyo, na uso kupotea. Nguo ishike mahali pamoja au pawili penye mfupa, yaani mabegani na vifundoni mwa mikono. Katikati ipite bila kugusa sana. Mikono mirefu mno ikatwe iishie kwenye kifundo. Dera ni vazi zuri la nyumbani na shughulini, libaki huko. Anayevaa abaya achague isiyo na vito kifuani, mabega yakae mahali pake, na mtandio mfupi wa kutosha usimezwe na kiti.

Kitenge kinafaa ofisi nyingi, isipokuwa pale palipoandikwa suti. Mwambie fundi kabla hajakata aangalie maua makubwa yanaangukia wapi. Duara mbili kubwa kifuani si jambo utakalotaka jopo lijadili kimoyomoyo.

Nguo za ndani za kubana tumbo? Ikiwa umezizoea, sawa. Ikiwa ndiyo mara ya kwanza, ziache. Zinajiviringisha juu ukikaa, na zinakata pumzi katikati ya sentensi, wakati umeulizwa ujieleze.

Viatu vinauma

Nunua alasiri, miguu ikiwa imeshavimba. Kisigino kinene cha inchi moja na nusu kinabeba uzito vizuri kuliko chembamba, na hata bapa kabisa hakuna anayekukatalia. Vivae nyumbani siku chache kabla.

Umepigiwa simu leo, usaili ni keshokutwa

Fundi anayesema "njoo kesho jioni" mpe kazi isiyoweza kumshinda. Pindo la suruali na sketi, vifungo, kupunguza ubavu wa shati, kufumua zile X: hivyo vinaisha huku umekaa kwenye benchi lake, na ukae kweli. Mabega, tundu la mkono na kuongeza nyonga usimpe, hata akisema dogo hilo mama, niachie. Kama koti halikukai, nenda bila koti. Shati lililonyooka na suruali ya kitambaa vilivyopigwa pasi vinatosha kwa ofisi nyingi za Dar, benki ikiwa tofauti. Kwenye pochi weka pini tatu, sindano yenye uzi wa rangi ya nguo yako, na kifungo kimoja cha akiba. Zipu ikikata ukiwa njiani, mpasuo wa sketi ushike kwa pini mbili kutokea ndani, moja juu moja katikati, blauzi itolewe nje ifunike.